Msee wa Law, Risiti Iko Wapi?

Kila mwaka mafresha wakitua campo ya law, iwe Parklands, iwe Annex kule Eldoret, swali ya kwanza kwa grupu ya WhatsApp inakuanga moja: wasee, ninunue lapi gani? Ni swali poa na nitaijibu, ju najua kuna mzazi mahali amejinyima ndio hiyo doo ipatikane. Lakini kuna swali ingine nataka itangulie, ju hiyo itakufuata kutoka CAT ya kwanza hadi siku utasimama kortini na gauni nyeusi: hii kitu unaniambia, risiti iko wapi?

Sheria ni kazi ya kuonyesha. Unaweza kuwa na mdomo tamu kushinda mbogi yote ya darasa, lakini jaji atakuuliza kesi gani, korti gani, mwaka gani, paragrafu gani. So apu, tovuti ama mashine yoyote, mi huipima na kitu moja tu: inanipeleka hadi kwa original, ama inaniacha na stori za jaba?

Haya, lapi. Huhitaji mashine ya gemu. Kazi yako ni kusoma, kuandika na kufungua PDF kumi wakati moja bila mashine kulia. Tao Nairobi, kutoka Moi Avenue ukishuka hadi Luthuli, maduka zimejaa ex-UK: ThinkPad, EliteBook, Latitude, mashine zilikuwa za maofisi huko majuu. Ni ngumu, zinarekebishika, na kibodi zake zinaandikika vizuri. Msee mwenye ataandika kurasa thelathini kabla jogoo awike, kibodi kwake si urembo.

Sasa cheki mtego. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Kuna mpango wa nyongeza wa kutuma masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni kusukuma siku tu. Windows 11 nayo inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kuenda juu, pamoja na chipu ya TPM 2.0. Muuzaji anaweza kukuwekea ThinkPad T470 na T480 kando kwa kando, zinakaa mapacha, lakini T470 ni ya kizazi cha 6 ama 7, na T480 nyingi ni za 8. Usiangalie stika peke yake. Fungua mipangilio usome jina ya prosesa: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Chini ya 8, wacha, ama ununue ukijua utaweka Linux Mint na LibreOffice. Zote mbili ni bure na zinatosha kuandika eseyi yoyote.

Hapo hapo dukani, kabla M-Pesa itoke, andika kwa Command Prompt: powercfg /batteryreport. Mashine itakutengenezea ripoti. Angalia nambari mbili, uwezo wa betri venye ilitengenezwa na uwezo wake sai. Ikiwa imebaki nusu, si lazima uhepe, ongelesha bei. Kisha izime, iwashe tena, jaribu kuingia BIOS. Ikiitisha paswodi yenye muuzaji hajui, hiyo mashine bado ina mwenyewe mwingine. RAM isiwe chini ya GB 8, diski iwe SSD. Na ukishalipa, hakikisha risiti ya duka imeandikwa serial number. Utasoma sheria ya mauzo ya bidhaa mwaka ujao, anza kuiishi sai. Kitu ya mwisho kwa mashine: chukua yenye inachajiwa na USB-C, ndio pawabenki moja kubwa ibebe simu na lapi. Umoja wa Ulaya ulishalazimisha simu mpya kutumia USB-C kutoka 28 Desemba 2024, na laptop zao zikawekewa Aprili 2026, so waya yenye unanunua leo haitakuangusha hivi karibuni. Na hiyo pawabenki utaihitaji, ju stima zetu unazijua.

Twende library sasa, ju hapa ndio pesa yako halisi iko. Kenya Law, ile tovuti ya National Council for Law Reporting, ni bure. Hukumu za korti, sheria zote za Kenya, Gazeti la Serikali, zote ziko kwa simu yako. Kuna nchi wanafunzi hulipia vitu kama hizi ama wapange laini ya kompyuta ya library. Sisi mtoi wa Kayole akiwa na bando ya mia anasoma hukumu ile ile yenye wakili mkubwa wa Upper Hill anasoma, siku ile ile. Hiyo ni kitu kubwa sana, na inaniuma nikiona msee anasoma kesi kutoka kwa noti za mtu wa mwaka wa 2016, zimepigwa kopi ya kopi hadi jina ya mlalamishi imebadilika.

Jifunze kusoma anwani ya kesi, itakusaidia kugundua uongo haraka. Kesi za zamani utaona [2017] eKLR. Baadaye mfumo ulibadilika: [2022] KESC 8 (KLR) maanake ni mwaka wa 2022, KE ni Kenya, SC ni Mahakama ya Juu, uamuzi wa nane. Hiyo ni kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, 31 Machi 2022. KECA ni Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni ya mazingira na ardhi, KEELRC ni ya kazi. Mtu akikuletea KEHC akisema ni neno la mwisho juu ya Katiba, wewe tayari unajua kuna ngazi mbili juu yake za kucheki.

Na kucheki ni lazima. Chukua ile Finance Act ya 2023. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupa yote, na PDF ya hiyo hukumu ikazunguka kila simu mtaani. Wasee wengi waliisevu wakalala nayo. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikageuza hiyo hukumu, sheria ikasimama. Ukiandika mtihani na PDF ya Julai, umeandika vizuri kabisa juu ya kitu imekufa. Faili kwa simu haijui kenye kimeendelea kortini, so kila wakati unataka kutumia kesi, rudi kwa tovuti usake majina ya wahusika tena, uone kama kuna korti ya juu imeiguza.

Sheria nazo ni hivyo. Ile ya makosa ya kompyuta na mtandao ni ya 2018. Ikabadilishwa Oktoba 2025, na kabla mwezi uishe Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha sehemu ya kifungu cha 27 kesi ikisikizwa. Katika mwezi mmoja, kopi tatu tofauti za ukweli. So jina la faili ukisevu liwe na tarehe ya siku umeishusha, isikae tu "cyber FINAL final". Ile yenye inafaa ikae kwa simu bila bando ni Katiba ya 2010, vifungu vyote 264. Haibadiliki kila wiki, na utashangaa venye utaisoma kwa mat jam ikishika Thika Road.

Sasa ile maneno kila mtu anataka kujua: AI. Sitakuambia uache, ju najua unatumia na mi natumia. Nataka ujue penye inauma.

Juni 2023 huko New York, Jaji Castel alipiga mawakili faini ya dola 5,000 kwa kesi ya Mata v. Avianca. Mteja wao alisema aliumizwa goti na kikokoteni cha chakula ndani ya ndege. Kesi ya kawaida kabisa. Lakini karatasi zenye waliweka kortini zilijaa kesi zenye hazijawahi kuwa, na majina, na nambari, na hadi maneno ya majaji, zote ChatGPT ilitunga. Kenye kinanitisha zaidi ni hiki: wakili alishuku, akauliza chatboti kama hiyo kesi ni ya ukweli. Ikamwambia ndio, na ukitaka utaipata kwa databesi kubwa za sheria. Akaamini. Alitafuta risiti kwa mtu yule yule mwenye alimdanganya.

Usiseme hiyo ni Marekani. Januari 2025, Mahakama Kuu pale Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa kesi ya Mavundla, jaji alikuta kesi nyingi zenye zimetajwa haziko popote, na akapeleka mambo kwa baraza linalosimamia mawakili. Utafiti ulikuwa umefanywa na kijana wa ofisi, bado yuko kwa mafunzo. Hapo nikasimama kusoma. Ju huyo ni wewe miaka kadhaa zijazo, uko pupileji, mkubwa amekutupia kazi saa kumi na moja jioni, anaitaka kesho saa mbili. Na Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ikasema wazi kwamba wakili akileta kesi feki anaweza kushtakiwa kwa kudharau korti. Majaji wa kila mahali wameamka.

So form ni gani? AI inatunga maneno yenye yanafanana na ukweli, haina kabati ya hukumu inaenda kuchungulia kila wakati. Usiiulize "nipee kesi za Kenya juu ya hii." Pindua: tafuta kesi mwenyewe Kenya Law, shusha PDF, kisha ipatie hiyo PDF uiulize maswali. Vifaa kama NotebookLM vinajibu kutoka kwa faili zenye umeweka na vinakuonyesha sehemu zenye vimetoa jibu. Bonyeza hapo, soma paragrafu yote, ya juu yake na ya chini yake. Mara mob utakuta jaji alikuwa anarudia hoja ya wakili ndio aikatae, na mashine imekuambia ni uamuzi wake. Kusoma kwako hakujaisha, kumeanza penye kunafaa.

Penye AI inanibamba kabisa ni kunihoji. Iambie ikuulize maswali kama jaji mkali juu ya hukumu yenye umeweka, ijibu kwa sauti, ikukatize. Fanya hivyo wiki moja kabla ya moot uone venye ulimi utalegea. Lakini ukimaliza, chukua biro na karatasi uandike jibu kwa mkono, ju chumba cha mtihani kikifungwa, wewe na mkono wako ndio mnabaki.

Hii ingine sasa sioni watu wakifunza vya kutosha. Ukianza tu kusoma law, mtaani unakuwa "wakili wetu." Binamu yako atafutwa kazi kupitia WhatsApp, usiku, na atakutumia skrinshoti moja imekatwa juu na chini, inaonyesha "Usikuje kesho." Mtumaji amehifadhiwa kwa jina "Boss". Hakuna nambari, hakuna tarehe. Anakuuliza kama atashinda.

Mwambie hivi, na umwambie haraka ju hizi vitu hupotea. Simu yenyewe isiuzwe, isifomatiwe, na kama mazungumzo yamewekwa ya kujifuta, azime hiyo kitu sai. Afungue wasifu wa huyo mtu ndio nambari ya simu ionekane, apige skrinshoti ya hiyo pia. Mazungumzo ayachukue kutoka mwanzo wa hiyo siku, na tarehe, hata penye yeye mwenyewe alijibu vibaya, ju upande ule mwingine uko na hayo maneno pia. Kisha atumie ile njia ya WhatsApp ya kutoa mazungumzo yote kama faili. Na picha akikutumia, atume kama dokumenti. Ukituma picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na inavua zile taarifa za ndani, saa ilipigwa na simu gani ilipiga.

Kwa nini taabu yote? Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ushahidi wa kidijitali, lakini kinaambia korti iupime: ulitengenezwa aje, ulihifadhiwa aje, umekaa bila kuguzwa, na mwenye aliutoa anajulikana aje. Halafu 106B inadai cheti. Cheti kinatambua rekodi yenyewe, kinaeleza ilipatikana aje, kinataja kifaa kilichotumika, na kinawekwa sahihi na mtu mwenye alikuwa anasimamia hicho kifaa. Binamu yako hana haja ya mtaalamu wa maabara kwa kila skrinshoti. Anahitaji kukumbuka simu gani, alipiga lini, aliprinti wapi. Andika hizo vitu kwa daftari siku hiyo hiyo. Kesi za wasee wa kawaida zinaangukanga hapa, na si ati hawakuonewa. Walionewa, lakini hawakuweka.

Na mwekee mpaka. Akikuambia atafungua simu ya boss ndio apate zaidi, mwambie zii. Kuingia kwa mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na kifungu cha 50(4) cha Katiba kinatupa nje ushahidi wenye umepatikana kwa kuvunja haki za mtu, kama kuukubali kutaharibu kesi. Mpaka wako nao: kumsaidia kupanga faili ni poa, kufanya kazi ya wakili bado. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Mawakili hakichezi na mtu hajasajiliwa. Mpeleke Kituo cha Sheria, ama kliniki ya msaada wa sheria ya campo yenu, akiwa na hiyo folda imepangwa. Utakuwa umemsaidia kuliko mtu yeyote pale mtaani.

Ukiingia atachi, mambo ya simu yanageuka. Karatasi ya mteja si yako. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamfunga wakili asitoe siri ya mteja, na 135 inaweka makarani na wafanyikazi wake ndani ya hiyo kamba, so na wewe umo. Kubandika hati ya kiapo ya mtu kwa chatboti ya bure ndio ikufupishie ni kuitoa nje ya ofisi. Kuipiga picha na simu yenye inapakia kila kitu kwa Google Photos, yenye mnashare na mresh wako, pia ni kuitoa. Uliza ofisi mapema: tunatumia nini, wapi? Simu iwe na paswodi, barua pepe iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na hiyo hatua ya pili iwe kwa apu badala ya SMS, ju majambazi wa kubadilisha laini wako macho. Data ya watu inalindwa na sheria ya 2019, lakini zaidi ya sheria kuna mama fulani ameweka hati ya shamba mikononi mwa hiyo ofisi, na imepita kwa simu yako.

Haraka haraka, vitu ndogo. Zotero ni bure, inakusanya vyanzo na kupanga tanbihi kwa mtindo wa OSCOLA. Anza nayo mwaka wa kwanza, mwaka wa nne utakuwa umejijengea library ya tasnifu bila kujua. Hukumu imeskaniwa na haitafutiki? Ipakie Google Drive, ifungue na Google Docs, maneno yatatoka, kisha ulinganishe na original ju herufi huchanganyikana. Macho yakichoka, Microsoft Edge inasoma PDF kwa sauti. Vaa earphone moja tu kwa mat, nyingine ibaki ya kuskia donda.

Na kuna shule moja iko wazi na watu wengi hawaingii. Korti zetu zilianza kupeleka kesi kwa e-filing hapa Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na Machi 2024 mfumo ukatandazwa nchi nzima. Tangu Corona, kesi mob zinatajwa kwa Microsoft Teams, na linki zinawekwa kwa orodha ya kesi ya siku. Mahakama ya Juu nayo, kesi kubwa ziko YouTube. Ile ya urais ya 2022 unaweza kuicheki yote, usimamishe, urudie penye wakili amebanwa na jaji uone anatoka aje.

Chagua asubuhi moja huna darasa. Ingia kabla ya saa tatu, andika jina lako kamili, zima maiki, zima kamera kama hujaambiwa uiwashe, na usirekodi. Mwanzo utaona ni mention tupu, dakika mbili mbili, tarehe zinatolewa. Kaa tu. Utaskia venye mawakili wanajitambulisha, venye wanaomba muda, jaji anakasirishwa na nini. Wakifika kwa submissions, fungua Kenya Law kwa dirisha ya pembeni. Wakili akitaja kesi, isake hapo hapo, enda kwa paragrafu yenye ametaja, na umfuate akisoma.